Lami Niliyomwaga Ndani ya Ampli

Ngalula, binti wa jirani yangu, ameniomba nijaze kurasa chache za kijarida cha kikundi chao cha muziki, kile wanachokipiga fotokopi mtaa wa Dilala na kukishona kwa uzi wa viatu. Nilimwuliza niandike nini. Akasema, "Andika kazi yako, tata. Na makosa yote, juu pasipo makosa hakuna mutu atasoma."

Makosa ninayo ya kutosha. Basi ninyi mlio na chuma cha kuchomelea mkononi, na ninyi mnaotaka kukishika, nisikilizeni. Masomo yangu yaliishia sekondari, kwa hiyo nitaandika kama ninavyoongea nikiwa nimekaa mlangoni pangu.

Nilikuwa bobineur kwenye atelye, yaani karakana, ya kampuni ya mgodi. Kazi yenyewe ni hii: mota ya umeme ikiungua, unaifungua, unatoa waya wa shaba ulioungua, unahesabu ulikuwa umezunguka mara ngapi, kisha unazungusha waya mpya mara zile zile. Nilifanya hivyo miaka ishirini na sita. Ndiyo maana mtaa mzima wa Kapata wananiita Tata Bobine, baba wa waya uliozungushwa, hata watoto ambao hawajawahi kuona bobine na wanadhani ndilo jina nililobatizwa.

Hesabu ndiyo iliyonitesa mwanzoni. Kichwa cha mtu hakishiki mizunguko elfu moja, hasa jirani yake akianza habari za mpira. Nikajitungia mbinu. Kama natakiwa kuzungusha mara elfu moja, naweka karanga kumi mfuko wa kushoto. Kila nikifika mia, karanga moja inahamia mfuko wa kulia. Mfuko wa kushoto ukiisha, kazi imeisha. Mbinu nzuri, ila karanga zilikuwa zimekaangwa. Siku moja njaa ilinishika kabla ya saa sita, mkono ukaingia mfuko wa kushoto wenyewe. Mota ikatoka na mizunguko pungufu, na ilipowashwa ikapata joto mpaka vernishi iliyopakwa juu ya waya ikaanza kunuka.

Mkuu wetu alikuwa Tata Kapenda, Mlunda mrefu, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba. Alinusa tu akiwa bado mlangoni.

"Ulikula ngapi?" akaniuliza.

"Tatu, tata."

"Basi iko mizunguko mia tatu inalala mu tumbo yako. Kesho kuya na misumari."

Tangu siku hiyo nimehesabu kwa misumari. Nawashauri misumari.

Tata Kapenda alikuwa na desturi moja ambayo sikuiona kwa fundi mwingine. Kila mota ina kisanduku kidogo ubavuni, pale nyaya zinapoungana. Kabla ya kukifunga, yeye alichukua karatasi, akaandika kwa penseli: waya una unene gani, mizunguko mingapi, kilichokuwa kimeharibika ni nini, nani ametengeneza. Akaikunja na kuiacha ndani. Penseli, si kalamu, kwa sababu wino hukimbia ukikutana na mafuta. Mota inaweza kukaa miaka kumi chini ya mgodi. Siku ikirudi atelye, fundi atakayeifungua, hata kama hakuwa amezaliwa wakati ule, anakuta barua yake.

Siku moja nilifunga vibaya nyaya za mota ya pampu, ikazunguka kinyume na kutoa maji kidogo kama bomba lenye aibu. (Mkikutana na jambo hilo msiogope: kwenye mota ya nyaya tatu, badilisheni mbili kati ya tatu, itageuka.) Nilirekebisha haraka nikidhani hakuna aliyeona. Tata Kapenda akanipa penseli. "Andika na ile kosa," akasema. Nikamwambia, lakini tata, imekwisha kupona. Akajibu, "Wewe ulipona. Ule mwenye atakuya nyuma yako hayapona bado."

Nilikuwa na mwalimu wa namna hiyo. Nawaambia mapema ili mjue kwamba niliyoyafanya baadaye sikuyafanya kwa kukosa mafunzo.

Siku zikaja mshahara ukawa unachelewa, kisha ukawa hauji kabisa. Wazee wenu wanazikumbuka. Watu waliuza mabati ya nyumba zao. Mimi nilikuwa na mikono iliyojua shaba, nikaanza kutengeneza ampli, vile vikuza sauti, za makanisa na za baa. Transfo, yaani transfoma, nilizizungusha mwenyewe, transista nilizitoa kwenye redio zilizokufa. Sauti ilikuwa safi. Mchungaji akinong'ona, mtu wa mstari wa mwisho anasikia anavyovuta pumzi. Watu walikuja mpaka kutoka Mutoshi kuulizia ampli ya Tata Bobine.

Kisha fundi mmoja alinunua moja, akaifungua, akatengeneza nyingine tatu kama ile. Sitamtaja, na tena hakunifanyia ubaya wowote. Alifanya kile kile nilichokuwa nimefanya mimi kwa redio za watu. Lakini nyumbani kulikuwa na watoto watano na sufuria moja, na njaa ilinifanya nimwone kama mwizi. Nikachukua tupa, nikafuta namba juu ya kila transista. Namba hiyo ndiyo jina lake; bila namba hujui ununue ipi ikifa. Halafu nikayeyusha lami, ile ya barabara, nikaimwaga juu ya kazi yote mpaka ndani ya sanduku kukawa kweusi tititi.

Tata Kapenda alinikuta na tupa mkononi. Alikuwa amestaafu, anatembea kwa fimbo. Alisimama akitazama unga wa transista ukianguka mezani.

"Unaficha nani?" akauliza.

"Banaiba kazi yangu, tata."

"Na wewe mwenyewe? Siku utasahau?"

Nilicheka. Nilimwambia, mimi nisahau kazi ya mikono yangu? Alikunywa maji, akanishukuru kwa maji, akaenda zake. Alifariki kabla sijaacha kucheka.

Sasa niwaambie juu ya Kutu, ingawa wengi wenu mnawajua.

Ngalula ni binti wa jirani yangu Mama Kapinga, anayeuza samaki wakavu sokoni. Yeye mwenyewe ana meza ya kutengeneza simu pale Dilala. Siku moja alianzisha kikundi cha muziki na Fiston, kijana wa taxi-moto, zile pikipiki za abiria, wakakiita Kutu, kwa sababu kila kitu walichopigia kilikuwa na kutu. Muziki wao waliuita panki. Nilipolisikia neno hilo nilidhani ni aina mpya ya pikipiki. Nilipousikia muziki wenyewe nilijua sikuwa nimekosea sana.

Sitawadanganya kwamba niliupenda. Lakini mtu aliyefanya kazi ya mikono anaitambua kazi ya mikono. Nyuzi za gitaa walizitoa ndani ya kebo za breki. Gitaa lenyewe lilikuwa ubao wa sanduku la mizigo na kopo la mafuta ya kupikia. Ngoma kubwa ya Fiston ilikuwa pipa, na ile ndogo aliiwamba kwa filamu ya picha ya mifupa, ile ya hospitali. Ikipigwa juani unaona mbavu za mtu zinatetemeka. Hawakumngoja tajiri, wala mwanasiasa mwenye fulana za kugawa. Kitu wasichokuwa nacho walikitengeneza, na wasichojua kutengeneza walikitengeneza vibaya mpaka wakajua.

Tena walikuwa na mapatano na akina mama wa mtaa. Kila Jumamosi walipiga kelele zao kwa saa mbili, lakini kabla ya hapo walifagia avenue nzima, barabara ya mtaa wetu, na kuzibua mitaro. Ndugu yangu mmoja aliyekuja kututembelea aliuliza kama ni vijana wa parokia.

Ngalula alikuja kwangu na karatasi ya mfuko wa simenti aliyochora ampli juu yake. Aliichora mwenyewe, kwa kufungua redio za magari na kuuliza huku na huku. Ilikuwa mbaya kwa sura, lakini ilikuwa sawa, karibu yote. Nilishtuka kuona ilivyo sawa.

"Tata, niko na ulizo moja tu," akasema. "Hizi masi, tunafunga wapi?"

Masi, kwa wasiojua, ni njia ya umeme kurudi ulikotoka. Kila sehemu ya ampli ina waya wake wa masi. Ukiufunga kila mmoja mahali pake kwenye fremu ya chuma, umeme unazurura ndani ya ile fremu na bafle, ile spika, inavuma, nguuu, kama mzinga wa nyuki. Ukizileta zote kwenye skrubu moja, kimya. Ni jambo la kusema kwa pumzi moja. Nilijifunza kwa kuunguza ampli sita.

Nilimtazama yule binti, na lami ikanipanda moyoni. Nikamwambia, "Funga popote penye chuma karibu. Chuma ni chuma."

"Popote?"

"Popote."

Akasema aksanti tata, akapiga goti kidogo kama mama yake alivyomfundisha, akaenda.

Ampli yake ilivuma, bila shaka. Kila Jumamosi niliisikia nikiwa nimekaa mlangoni. Alirudi kwangu mara mbili. Nilimwambia mkono wake bado mchanga, kuchomelea kunataka miaka. Akaenda, akafungua, akachomelea upya kila kiungo, na ikavuma vile vile. Na juu ya kifuniko, kwa rangi nyeupe, alichora mchoro mzima, kila kipande na namba yake, na chini akaandika ruhusa kwa kila mtu: Kopia. Ukikuta kosa, rekebisha, tuambie. Nilicheka tena. Niliwaza, huyu hatakula kwa kazi hii.

Mama Kapinga naye hakusikia neno hata moja la nyimbo za mwanawe, kwa ajili ya uvumi ule. Aliniambia akiwa anapanga samaki wake, binti yake akimsikia: "Siku moja nikisikia maneno, njo siku nitasema iko kazi. Sasa ni makelele tu. Nilimusomesha juu ya kuimba sawa mashini ya kusaga?"

Kutu walipoamua kufanya sikukuu yao wenyewe, kwenye kiwanja cha mpira cha Kapata, Jumapili baada ya misa, Ngalula alimwalika mama yake kabla ya mtu mwingine yeyote. Na Mama Kapinga akakubali. Nilielewa wakati ule kwamba kwa Ngalula siku hiyo nzima ilikuwa ya kiti kimoja, kile cha mama yake.

Walijenga jukwaa kwa palet za mbao. Matangazo waliyakata kwa wembe na kuyapaka rangi moja baada ya jingine. Vikundi vingine vitatu vya namna yao vingekuja, viwili vya Likasi na kimoja cha Lubumbashi, juu ya lori la makaa. Sauti ya waimbaji ingepitia ampli yangu kubwa, moja ya zile za zamani, iliyorudi kwangu baa yake ilipofungwa. Walipokuja kuiomba nilijiona mtu. Nilisema, chukueni, hiyo haitawaaibisha.

Jumapili hiyo saa sita na nusu tuliwasha jenereta na kujaribu. Fiston alisema "moja, mbili" kwenye maikrofoni. Sauti ikatoka nzuri, ya zamani, nikatabasamu. Kisha ikatoka tak moja ndogo, na kimya.

Nilifungua sanduku mbele yao. Fiston akachungulia.

"Tata, hii ampli ulitengeneza ao ulizika?"

Walicheka wote, nami nikacheka kidogo. Nikachukua bisibisi nikaanza kubandua lami vipande vipande. Nilijua ugonjwa: transista ndogo zilikuwa zimekufa, sita kwa mstari. Nilizifikia. Zilinitazama zote sita, vichwa vyeupe, havina namba.

Nilijaribu kukumbuka. Nawaambia nilisimama pale jasho likinitiririka nikitafuta kichwani namba sita nilizowahi kuzijua kama majina ya wanangu, na hapakuwa na kitu. Tupa yangu ilikuwa imefanya kazi nzuri.

Ngalula alichukua lenzi yake ya simu akaziangalia.

"Bilifutwa na tupa," akasema. "Mutu gani anafanyaka hivi?"

"Zilitoka kiwandani hivyo," nikasema.

Hakubisha. Alikuwa mtoto wa adabu. Alisema tu, "Basi tutafanya na zetu." Ndipo lori la makaa likaingia, vijana weusi kwa vumbi wakashuka, na kila kikundi kikateremsha sanduku lake. Nilipoyaona nilitambua sura. Wale wa Likasi wawili, na wa Lubumbashi, kila mmoja alikuwa na ampli ile ile. Mchoro wa Ngalula ulikuwa umepigwa picha kwa simu, ukatumwa, ukatengenezwa. Walikuwa hawajawahi kumwona uso, na walimsalimu kama dada. "Njo weye mwenye mchoro?" Mmoja alimkumbatia mpaka akampaka makaa.

Moja yangu, iliyofungwa, ilikuwa imekufa. Nne zao, zilizo wazi, zilikuwa hai. Wakaziweka pembe nne za kiwanja zibebe sauti kwa pamoja, wakaunganisha, wakawasha.

Zikavuma zote nne. Nguuu kutoka kila pembe, mpaka huwezi kusikia mtu aliye kando yako.

"Iko vile," akapaza sauti kijana mmoja wa Likasi, kama anayeomba radhi. "Hata yetu. Tulifikiri ni waya mubaya."

Mimi nilijua ni nini. Nilikuwa nimesema uongo mmoja kwa binti mmoja, mlangoni pangu, na kumbe uongo ule ulikuwa umepanda magari ukafika Likasi, ukafika Lubumbashi, na sasa ulikuwa umerudi Kapata kwa lori, umeongezeka mara nne. Na pale kando ya kiwanja nikamwona Mama Kapinga, amefika mapema, na kiti chake cha kutoka nyumbani, na kitenge cha Jumapili, anakaa.

Niliomba wazime. Walipozima nilisema, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka kwa sababu ya kimya.

"Ngalula, ile makelele haitoke mu mukono yako. Ni miye njo nilikudanganya. Masi haifungwe popote. Inafungwa fasi moja. Nilijua siku ile. Na hizi transista, ni miye nilizifuta."

Hakuna aliyecheka. Fiston alitazama chini.

"Mwaka muzima, tata," akasema Ngalula. "Mwaka muzima nilifikiri njo mukono yangu iko mubaya. Nilitaka kuacha."

"Najua, mwanangu."

"Hapana. Haujue."

Kweli, sikujua. Nilianza kumwomba msamaha, nikaanza tena kwa njia nyingine, nikaingiza njaa ya zamani na watoto watano. Akanikata.

"Iko saa ngapi?"

"Saa saba na nusu," akasema Fiston.

"Batu banafika saa tisa. Tata, utatuonyesha, ao utaomba pardon mpaka magaribi?"

Nikaonyesha.

Walileta mlango, wakaulaza juu ya mapipa mawili, tukawa na meza. Ampli ya kwanza niliifanya mimi, nikisema kila tendo kwa sauti. Kata masi zote hizi. Tafuta skrubu moja, karibu na kondensa kubwa. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, maana rangi ni ukuta. Leta kila waya peke yake mpaka hapa, usipande mgongo wa mwenzake. Kaza. Ya pili aliifanya Ngalula, nami nikashika taa ya simu tu. Nilitazama mkono wake. Ulikuwa mkono mzuri kuliko wangu nilipokuwa na umri wake, na ulikuwa hivyo tangu mwanzo. Nilimwambia hivyo. Alisema, "Inamisha taa, tata."

Za tatu na nne walizifanya wenyewe waliokuja nazo. Na hapo ndipo nilipojifunza. Yule kijana wa Likasi, katika kupigana na uvumi nilioutengeneza mimi, alikuwa ameligeuza transfo lake ubavu, halikukaa kama kwenye mchoro. Lilipunguza kelele karibu nusu. Miaka yote ile ya kuzungusha transfo, sikuwahi kufikiria kuligeuza. Nilimwomba anieleze. Alinieleza bila hata kuuliza kwa nini nataka kujua.

Saa tisa kasoro kidogo tuliwasha. Bafle hazikuvuma hata kidogo, mpaka nilidhani jenereta halizipi umeme. Fiston akagusa ile ngoma ya mbavu kwa kidole, na kutoka pembe nne za kiwanja tukasikia ukucha wake.

Ngalula alileta kopo la rangi nyeupe. Kwenye kifuniko cha ampli yake alipiga msalaba juu ya nyaya za uongo kwenye mchoro, akanipa burashi. "Andika wewe."

Niliandika: Masi zote skrubu moja. Hapa mwanzo palikuwa na kosa, Tata Bobine alidanganya. Alisoma, akatikisa kichwa.

"Ongeza: akarekebisha. Yote mbili iko kweli."

Nikaongeza. Vijana wote wakatoa simu wakapiga picha. Nilimkumbuka Tata Kapenda na penseli yake, nikageuka upande nikajifanya natafuta bisibisi.

Muziki wao siku ile ulikuwa kelele, kama siku zote. Lakini ilikuwa kelele yenye maneno. Wimbo mmoja Ngalula aliuimba karibu kama anaongea, juu ya mama anayeamka saa kumi ya alfajiri, anapanga samaki gizani asiwashe taa, watoto wasiamke. Nilimtazama Mama Kapinga. Alikaa wima, mikono magotini, kama mtu anayepigwa picha. Hakusogea mpaka mwisho.

Baadaye Ngalula alikuja kusimama mbele ya kiti kile.

"Ulisikia?"

"Nilisikia. Ile ya saa kumi haiko kweli."

"Namna gani?"

"Mi naamukaka saa tisa. Rekebisha." Mama Kapinga akasimama, akakunja kitenge vizuri, akachukua kiti chake. "Ni kazi," akasema. "Lakini ile ngoma ya mufupa inaniogopesha."

Wanangu, mimi niliishi kwa kuficha, na nilikula. Sitawaambia kwamba kuficha hakujazi sufuria. Kuliijaza. Lakini kwa Tata Kapenda nilipewa kazi yote bila kufichwa kitu, na kwa Kutu nimerudishiwa kazi hiyo nikiwa nimekwisha kuiharibu, na sikustahili mara zote mbili. Kila ninapoketi mlangoni Jumamosi, wakifagia, nawashukuru kimoyomoyo. Wakianza kupiga, naingia ndani.

Siku hizi nazunguka. Ampli zangu za zamani bado ziko makanisani na kwenye baa chache, Kapata, Dilala, mpaka Mutoshi. Naomba ruhusa, nazifungua, nabandua lami kwa petroli na bisibisi, naandika upya namba zile ninazozikumbuka au ninazoweza kuzipima, naacha karatasi ndani. Kwa penseli. Ngalula na Fiston huja nami wakipata nafasi. Mkikutana na sanduku ambalo ndani yake ni lami tupu, msimtafute mchawi. Ni langu. Niiteni.

Ile iliyokufa Jumapili iko mezani kwangu. Kati ya transista sita ndogo, kwa kupima na kubahatisha, nimeshajua nne. Mbili zimenishinda. Ndani ya sanduku nimeweka karatasi yenye namba zile nne, na chini yake nimeandika: Hizi mbili nilizifuta mwenyewe kwa tupa, sizijui tena. Atakayezijua aandike hapa.

Nimemwachia nafasi ya mistari miwili.